Sindano Ikishuka

Nilipoingia kwenye lupango, yaani ua, la marehemu Papa Ngoie, kule Kamalondo mjini Lubumbashi, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Musonda, naye hakuniona, kwa sababu nilitokea upande wa jicho lake lililokufa. Alikuwa ameketi chini ya turubai la matanga kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita tangu tuonane. Shavu lake la kushoto lilikuwa bado linang'aa, ngozi nyembamba na laini kama ile inayoganda juu ya uji uliopoa. Nilisimama pale mlangoni, mama mzima mwenye wajukuu, nikafikiri kugeuka na kurudi nyumbani. Ningesema presha imepanda. Hakuna anayembishia mwanamke wa umri wangu akisema presha imepanda. Lakini Mama Régine, mjane wa marehemu, alikuwa ameshaniona. Aliinua mkono kutoka kwenye mkeka wa wanawake, ikabidi niingie.

Sitasema hapa nilizaliwa wapi wala baba yangu alifanya kazi gani. Hayo hayasaidii. Nitasema tu kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikiitwa Vero, na nilipanga chumba katika lupango hili hili, nyuma ya gereji ya Papa Ngoie. Chumba kilikuwa na dirisha moja bila kioo, pazia la kitenge, na ukuta mwembamba uliotenganisha kitanda changu na sebule ya Mama Régine, hata nilijua wanakula nini kabla sijanusa. Mbele ya mlango niliweka mbabula zangu mbili, majiko ya makaa, na kila mchana niliwapikia mafundi na madereva bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki mkavu wa Pweto, kule ziwani. Nguo zangu zilinuka moshi upande mmoja na mafuta ya injini upande mwingine. Nilikuwa na furaha wakati ule, na nasema hivyo bila haya, kwa sababu watu wa umri wangu wanapenda kudai kwamba ujana wao ulikuwa shida tupu. Wangu haukuwa shida tupu. Shida niliitengeneza mwenyewe, kwa mdomo wangu uliofungwa.

Papa Ngoie alikuwa mtu mfupi asiye na maneno mengi, fundi aliyeamini kiganja chake kuliko kitu chochote chenye namba. Kila gari lililoingia, kabla ya kuuliza lina nini, alilaza mkono juu ya injini, juu ya mipira ya maji, akafumba macho. “Mukono aina bongo,” alisema. Yaani mkono hausemi uongo. Madereva walimtania kwamba anatibu magari kwa maombi, lakini walimrudia. Musonda ndiye aliyemtania zaidi, na ndiye aliyerudi zaidi, ingawa mwezi wa nane nilianza kuelewa kwamba si gari peke yake lililomrudisha. Alikuwa anakula sahani moja, anaosha mikono, anatazama angani kama anayepima saa, halafu anaomba sahani ya pili. Aliendesha kamiyo, lori kuukuu la rangi ya kijani, lililobeba unga, chumvi na sabuni kwenda Pweto na kurudi na magunia ya samaki. Kamiyo ile ilikuwa imezeeka kuliko sisi wote wawili, na ilikuwa na ugonjwa mmoja uliomnyima Musonda raha: sindano ya joto la injini ilikuwa inadanganya. Siku moja ilipanda hadi katikati wakati injini ndiyo kwanza imewashwa. Siku nyingine ililala chini kabisa huku maji yanachemka na mvuke unatoka mbele kama kwenye sufuria yangu.

Mwenye kamiyo hakutaka kusikia habari ya sindano. Kwake gari likitembea ni zima. Basi Papa Ngoie aliifanya kazi ile kwa ajili ya Musonda tu, mchana mmoja wa mwezi wa kumi, joto kali, mvua ikinguruma mbali bila kuja. Alichomoa waya kwenye sonda, kile kidude cha shaba kilichofungwa kwenye injini ili kupima joto la maji, akaugusisha waya kwenye chuma. Ndani, Musonda alipiga kelele kwamba sindano imeruka hadi juu. “Bon,” alisema Papa Ngoie. “Sindano iko muzima. Waya iko muzima. Mwenye bongo ni huyu.” Akaifungua sonda, akaitazama muda mrefu. Haikuwa ya kamiyo ile. Fundi mwingine, mahali pengine, alikuwa ameichukua kwenye gari la aina nyingine, akaizungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili ikae kwenye tundu. Akaingiza kidole zaidi akakuta pia kalorista haipo, kile kifuniko kidogo kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Hilo halikumshangaza. Kwetu mafundi wengi wanakitoa; wanasema kitu kama hicho ni cha nchi za baridi, Katanga ina jua la kutosha. Wanakitupa, injini inapoa haraka, sindano inakaa chini, na kila mtu anasifu. “Banapenda tu sindano ikae chini,” alisema Papa Ngoie. “Bakiiona chini, banalala.”

Kisha akaniita. “Mama, leta ile sufuria ya bukari.” Nilibisha, maana nilikuwa na wateja sita wenye njaa, lakini aliipata. Mbabula yangu iliwekwa karibu na gurudumu, maji yakatekwa, sonda ikaning'inizwa ndani kwa waya, na waya mwingine ukaiunganisha na mwili wa kamiyo. Musonda alikaa kwenye kiti chake akisoma sindano kwa sauti. Mimi niliambiwa niyasikilize maji, kwa kuwa hakuna aliyeyajua kuliko mimi: yanapoanza kulia, yanapoanza kutoa macho madogo, yanapopanda. “Yanalia,” nikasema. “Robo,” alijibu Musonda. “Yanatoa macho.” “Karibu nusu.” “Yamechemka sasa, yanaruka!” Musonda akasema, polepole, “Papa, iko pa nusu tu. Imepita kidogo.” Papa Ngoie alipanda mwenyewe kutazama. Maji yalikuwa yanachemka mbele yetu na sindano ilisema mambo ni shwari. Miezi yote ile Musonda alikuwa ameendesha moto akidhani ni uvuguvugu.

Sonda iliyofaa haikupatikana. Musonda alizunguka maduka yote ya katikati ya mji siku mbili, akarudi na vumbi tu. Papa Ngoie akaisafisha ile ile, akaondoa mpira, akairudisha mahali pake, kisha akaniomba rangi yangu ya kucha. Nilikuwa na chupa moja, nyekundu, niliyoitunza kama dawa. Alinipandisha kwenye kamiyo, akanionyesha mahali sindano iliposimama wakati maji yanaruka, akaniambia nichore mstari pale juu ya kioo. Musonda aliushika mkono wangu ili mstari unyooke. Ulipinda zaidi. “Ikifika ku verni ya Vero,” alisema, “nashimama, hata kama niko mbele ya gouverneur.” Tulicheka. Papa Ngoie hakucheka. Mchana ule aliacha nusu ya chakula chake, na nilipokuja kuchukua sahani nilimsikia anajisemea: “Sonda inapimaka mayi. Sasa kama mayi aiko, itapima nini?” Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka, nikaenda kuosha vyombo.

Sasa niseme jambo langu. Musonda alitaka kunioa, nami nilitaka kuolewa naye kuliko nilivyotaka kitu chochote. Mtu pekee aliyeweza kusimama mbele ya wazee wangu kumsemea alikuwa mjomba wake, mvuvi wa Pweto, na mjomba huyo alikuwa anavuka ziwa kwenda upande wa Zambia siku ya Jumamosi, asirudi mpaka mvua za mwaka unaofuata. Tulipanga kuondoka Jumatano. Mimi ningesafiri kama mnunuzi wa samaki, gunia langu la unga mkononi, ili mama yake anione bila mtu kuambiwa kitu, na Musonda angezungumza na mjomba kabla hajavuka. Tukichelewa, ni mwaka mzima. Kwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwaka mzima ni kaburi.

Jumatano asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, nilimkuta Papa Ngoie amekaa kwenye kizingiti cha gereji kana kwamba ananingoja. Hakunisalimu. “Mama, unaenda ku soko kwa Musonda?” Nikasema ndiyo, anapakia. “Mwambie abaki leo. Nilifikiri sana ile maneno. Mayi inapotea kidogo kidogo, na sijaona pahali inatokea. Ikipunguka chini ya sonda, sonda itapima mupepe, na sindano itashuka. Unasikia? Motere inakufa, sindano inashuka.” Akaniangalia. “Na kama anakatala kubaki, umwambie hii: sindano ikishuka mbio, asifurahi. Ashimame. Na asifungule radiatere mpaka mukono yake iweze kulala juu. Rudia.” Nilirudia neno kwa neno. Nilirudia vizuri sana, kama mtoto wa shule. “Nitamwambia, Papa,” nikasema, na njiani kwenda sokoni nilikuwa kweli nimekusudia kumwambia.

Sokoni kamiyo ilikuwa imejaa hadi juu, kina mama wafanyabiashara wameshakaa juu ya magunia na miavuli yao. Musonda alikuwa amevaa shati jipya jeupe. Kwa safari ya vumbi, shati jeupe! Alikuwa amelivaa kwa ajili ya mama yake na mjomba, na kwa ajili yangu. Akaniuliza, “Papa Ngoie anasema nini?” Nilimtazama, nikahesabu siku hadi Jumamosi. Nilijua akisikia neno la Papa Ngoie angebaki. Ndivyo alivyokuwa, aliyetania sana na kutii sana. Nikasema, “Papa Ngoie anakusalimia.”

Barabara ya Kasomeno, inayoelekea Pweto, ilikuwa ya udongo mwekundu, na mwezi ule ulikuwa umekauka ukawa unga. Nilikaa mbele, begi mapajani, macho kwenye mstari wangu wa rangi ya kucha. Saa za kwanza sindano ilipanda taratibu, ikafika karibu na mstari, ikakaa hapo kama mgeni mwenye adabu. Kwenye mlima mmoja iliugusa, na Musonda akasimama kama alivyoahidi, tukapumzika, wale mama wa juu wakanung'unika. Tulipoondoka tena nilianza kupumua. Nilijiambia wazee wanaogopa mno, na kwamba dawa yetu inafanya kazi. Joto lilikuwa limesimama barabarani. Ndege hawakulia. Upande wa kaskazini mawingu yalikuwa yamelala meusi juu ya miti, na hayakusogea tangu asubuhi. Halafu, tukiwa tunakaribia Kasomeno, bila kilima kuisha, bila upepo, sindano ikashuka.

Haikushuka polepole. Iliacha mstari wangu, ikapita robo, ikalala chini kabisa. “Tazama!” alisema Musonda, akapiga usukani kwa kiganja. “Tazama, Vero, imepona!” Akaanza kuimba. Nami nilijua. Nataka aelewe hivyo kila atakayesoma: sikusahau, sikuchanganyikiwa, sikuwa mjinga. Maneno ya Papa Ngoie yalikuwa kichwani mwangu yote, kwa mpangilio wake. Lakini kuyasema wakati ule ilikuwa ni kusema pia kwamba nilikuwa nayo tangu asubuhi. Nikajiambia labda tumefika penye ubaridi. Nikajiambia nitasema kwenye ule mti, tukaupita. Nitasema kwenye daraja, tukalipita. Naye alikuwa anaimba na shati lake jeupe. Kisha harufu ikaingia, na harufu ile niliijua kuliko fundi yeyote, maana ni harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni baada ya maji kwisha.

Injini ililegea, ikakohoa, ikazima yenyewe. Musonda alitazama sindano, akatikisa kichwa, akasema si joto hili, ni mazuti, yaani dizeli, imechafuka. Akashuka, akafungua mbele. Nilishuka nyuma yake. Mama mmoja kule juu aliuliza kama tumefika. Musonda akasema kwa kuwa motere imepoa aangalie maji mara moja, akazungushia kitambaa mkononi, akashika kifuniko cha radiatere, tangi la maji ya injini. Pale ndipo sauti yangu ilipotoka. Sikulisema neno nililotumwa. Nilisema tu, “Musonda!” Akageuza uso kunitazama, mkono ukiwa tayari umezungusha. Mvuke ulimpata kushoto. Hadi leo sijui kama jina lile nililosema liliokoa jicho la kulia au liliua la kushoto.

Wale mama walimbeba hadi zahanati ya Kasomeno kwa vitenge vyao, na kesho yake gari la wengine likamrudisha Lubumbashi. Mjomba alivuka ziwa. Nilimpelekea Musonda uji hospitalini wiki kadhaa, nikimlisha kwa kijiko, kichwa kizima kimefungwa bandeji. Siku moja aliuliza, “Vero, sindano ilikuwa chini. Uliiona?” Nikasema niliiona. “Sasa juu ya nini iliniunguza?” Nikampa kijiko kingine. Mvua zilipokolea nilikuwa nimeacha kwenda. Nilisingizia matope. Baadaye nilisikia amerudishwa kwa mama yake Pweto, kisha kwamba ameoa, na nikalia, nami nilikuwa sina haki hata ya kulia.

Katika mwezi ule ule wa ajali mwenye kamiyo alikuja kwa Papa Ngoie. Nilikuwa chumbani, nachambua sombe kitandani, na kupitia ukuta ule mwembamba nilisikia kila kitu: kiti kikisukumwa, Mama Régine akisema “Keti kwanza, Baba,” na yule mtu akipaza sauti. “Ulijua ile kamiyo iko na ugonjwa! Ulimwambia chauffeur ao hukumwambia?” Majani yalibaki mkononi mwangu. Sasa atanitaja, niliwaza. Sasa ataita jina langu, nami nitatoka. Nilisikia Papa Ngoie akikohoa. “Ni miye,” alisema. “Nilisahau kumwambia.” Yule mtu alitoka akiyarudia maneno hayo hadi barabarani, na kutoka barabarani yakaenda kwa madereva wote. Nani ampe gari fundi anayesahau? Kabla mwaka haujaisha, gereji iliyokuwa inajaa kamiyo ilikuwa inatengeneza baiskeli na pampu za maji. Sufuria zangu zikabaki na chakula. Siku niliyofungasha vitu nihamie Katuba nilimwendea, nikaanza, “Papa, ile neno…” Aliendelea kuziba tairi. “Maneno ya motere iko ya fundi,” alisema. Akaingiza mkono mfukoni, akanirudishia chupa yangu ya rangi ya kucha, ikiwa imebaki nusu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kifo cha nani. Mimi nilikuwa nimezoea kudhani ni changu. Pale kwenye matanga, kabla jeneza halijatolewa, wanaume walianza kusimama mmoja mmoja kusema neno la mwisho, na Musonda naye akasimama. Alisema alikuwa siku mbili njiani kutoka Pweto. “Huyu muzee,” alisema, “alinilombaka musamaha kila mwaka. Alituma barua, alituma bantu, mara moya alikuya yeye mwenyewe mpaka kwetu na baiskeli ndani ya kamiyo, akaniletea. Alisema, nilisahau kukuambia neno moya. Miye nilikuwa nasema ndiyo, lakini ndani ya roho nilikatala. Jicho ni jicho. Leo nasema mbele yenu: nimemusamehe. Aende muzuri.” Wanawake wakaitikia kwa mguno. Mama Régine hakuitikia. Alikuwa ananitazama, bila hasira, bila kitu chochote, kama mtu anayetazama maji ambayo bado hayajachemka. Wakati huo nilielewa kwamba miaka yote ile alijua nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikimsikia mumewe anabeba kosa langu, na kwamba kuta nyembamba zinasikilizwa pande zote mbili.

Waliinua jeneza kidogo, wakaliweka tena ili kupanga mikono. Nikainuka kwenye mkeka. Nilipita mbele za watu, na safari hii nilizunguka nikaja upande wa jicho lake lililo hai. Alinitambua mara moja. Uso wake ulianza kutabasamu upande ule unaoweza.

“Musonda,” nikasema, na niliisema kwa sauti ya kusikika hadi langoni. “Papa Ngoie hakusahau. Alinituma miye kwako, ile siku, asubui. Alinirudilisha neno mpaka nililijua. Anasema ubaki. Anasema, sindano ikishuka mbio, usifurahi. Ushimame. Na usifungule radiatere mpaka mukono yako iweze kulala juu.”

Musonda alinitazama, kisha akatazama jeneza la mtu ambaye yeye alikataa kumsamehe kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha akarudi kwangu. Mkono wake ulipanda polepole hadi kwenye shavu lile linalong'aa, ukalala hapo.

“Uliniambia ananisalimia,” akasema.

“Eyo, ndiyo,” nikasema. “Njo vile nilikuambia.”